Bujumbura–Nairobi ni kilomita 870. Saa zinaanza kuhesabiwa lini?



Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa karibu na bomba la maji, sisi wa kujitolea, tunapanga foleni ya madumu ili watu wasigombane. Mmoja wetu alikuwa amebakiza mega kidogo kwenye simu. Akaandika tu kwa kupoteza muda: Bujumbura mpaka Nairobi kwa ndege ni umbali gani, na inachukua muda gani. Simu haikusumbuka hata kidogo. Kilomita kama 870, mwendo wa saa moja na nusu hivi, au karibu saa mbili ukiweka na kupaa na kutua.

Kuna mama mmoja alikuwa nyuma yetu na madumu yake mawili. Akasikia. Akauliza: "Wanangu, hiyo saa moja na nusu inaanza kuhesabiwa lini?"

Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka, maana kesi ya yule mama ilifunguliwa wakati mtoto wake wa mwisho yuko mgongoni, na huyo mtoto sasa yuko darasa la saba na ndiye anayemsaidia kubeba madumu. Kwa hiyo swali lake siyo la kuchekesha. Tumekaa tukalijadili siku tatu, na haya ndiyo tunayofikiri. Asiyekubali aandike na yeye, nafasi ipo.

Kwanza, simu haikudanganya. Hesabu ile hata sisi tuliomaliza sekondari tu tunaiweza kwa atlasi ya shule. Bujumbura iko karibu na longitudo ya 29 mashariki, Nairobi karibu na 37. Tofauti ni kama digrii 8. Hapa kwetu, karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111. Zidisha, unapata 888. Siyo mbali na 870. Simu yenyewe inachukua vipimo kamili na kufuata njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, kama vile umevuta uzi juu ya chungwa. Muda nao ni rahisi: gawanya kwa mwendo wa ndege, tuseme kilomita 800 kwa saa, ongeza nusu saa ya kupanda juu na kushuka. Kwa njia hiyo hiyo Bujumbura–Kigali ni kilomita 176 tu, yaani dakika kama 45, na barabara ya kwenda huko imefungwa mpakani tangu Januari 2024. Bujumbura–Addis Ababa ni kama 1,720. Na Bujumbura–Chicago, ule mji ambao nusu ya kambi wanautaja kama vile uko nyuma ya kilima, ni karibu kilomita 12,500. Kama kungekuwa na ndege ya kwenda moja kwa moja ingekuwa hewani muda wa saa 16 hivi. Haipo. Unapitia Nairobi au Addis, halafu unapanda nyingine, na nyingine.

Kuna jambo lingine la kuchekesha kidogo. Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja, kama vile Kigoma na Dar es Salaam. Ukiondoka Bujumbura saa nne asubuhi, unafika Nairobi saa sita na dakika arobaini kwa saa yao. Ukirudi, unaondoka saa nne na kufika saa nne na dakika arobaini. Mzee mmoja alipoelezwa hivyo alisema: "Basi ndege pia inakimbia ikielekea nyumbani." Tumeshindwa kumsahihisha.

Lakini hebu turudi kwa mama wa madumu. Kwa msafiri wa kawaida, safari inaanza akikata tiketi. Kwa mkimbizi inaanza wapi? Wengine wanasema inaanza siku ya mahojiano ya kwanza. Wengine siku ulipovuka Rusizi. Sisi tunasema inaanza siku ile umeambiwa una kesi, kwa sababu tangu siku hiyo huishi tena kama mtu wa hapa. Unaishi kama abiria.

Na hatua zake mnazijua. HCR wanapendekeza jina, lakini hawana mamlaka ya kuamua; nchi inayopokea ndiyo inayosema ndiyo au hapana. Kwa wale wa Marekani, faili lilikuwa linatengenezwa na RSC Africa, ambao ofisi yao iko Nairobi. Yaani faili lako linafika Nairobi kabla yako, pengine miaka kabla yako, bila kukwama kwa sababu ya esansi. Halafu mahojiano na maofisa wa Marekani wenyewe. Halafu uchunguzi wa usalama. Halafu OIM kwa ajili ya afya, picha ya kifua, chanjo. Kila kimoja kina tarehe ya kuisha. Afya ikiwa bado nzuri, usalama umeisha. Usalama ukitengenezwa, afya imeisha. Akizaliwa mtoto katikati, kuna karatasi mpya. Ukioa, ndiyo balaa kabisa. Tunao wenzetu ambao wamekataa kuoa kwa ajili hiyo, na wengine wameoa kimya kimya na mke anaishi blok nyingine kama mgeni.

Halafu bado hujafika hata Bujumbura! Kambi zetu nyingi ziko mbali na uwanja: Musasa iko upande wa Ngozi, Kinama upande wa Muyinga, Bwagiriza na Nyankanda upande wa Ruyigi, Kavumu upande wa Cankuzo, ambako sasa kunaitwa Buhumuza tangu mikoa ipunguzwe kuwa mitano. Kutoka Cankuzo kushuka Bujumbura ni zaidi ya kilomita 200 za milima na kona. Ukosefu wa esansi tunaujua sisi wote, mnajua jinsi magari yanavyolala kwenye foleni. Ndege ingekuwa imeshafika Nairobi, mtu akaoga na kula, wewe bado uko barabarani unatapika kwenye mfuko.

Mwaka 2024 baadhi yetu tulipata bahati ya kusindikiza familia moja mpaka karibu na uwanja. Uwanja wenyewe tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye, jina la yule rais aliyeuawa Oktoba 1993. Una paa za duara kama nyumba za zamani, ukiziona kwa mbali unadhani ni mayai. Tuliagana nje. Kila mmoja ana ule mfuko mweupe wa plastiki wa OIM kifuani, mnaujua, ule wenye karatasi, ambao unaambiwa usiuachie hata ukienda chooni. Baba wa familia alikuwa amevaa koti zito, jua la Bujumbura linachoma, na yeye hataki kulivua.

Tulipogeuka kurudi, tuliona kitu ambacho hatujakisahau. Upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa, milima ya Uvira ilionekana wazi kama vile unaweza kuigusa. Kutoka uwanja ule mpaka Uvira kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 22. Ndege isingepata hata muda wa kupaa vizuri. Yule baba alitokea huko. Alikuwa anakwenda kilomita 12,500 kwa sababu zile 22 zimemshinda.

Katikati hapo, kati ya uwanja na mpaka, kuna Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, Wabanyamulenge, waliuawa pale kwenye kambi ya muda. Waliopona, wengi wao walikuja kuchukuliwa Marekani miaka michache baadaye. Kutoka Gatumba mpaka kwenye uwanja hazifiki hata kilomita 10. Wao wamezitembea kwa miaka. Na wale Warundi wa 1972 waliokimbilia Tanzania? Marekani walianza kuwachukua miaka ya 2006 na 2007, baada ya miaka 35 hivi. Mtu aliingia kambini akiwa kijana kama sisi na akapanda ndege akiwa na wajukuu. Muandikie huyo kwamba safari ni ya saa moja na nusu.

Sasa tunafika mahali penye kuuma. Mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani walipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko taifa lolote, karibu 20,000. Kambini ilikuwa kama mvua imeanza: kila mwezi kuna blok inaagana. Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais mpya akasaini amri ya kusimamisha mpango wote. Siku chache tu na safari zikafutwa, hata za watu waliokuwa na tarehe mkononi. Mwishoni mwa Oktoba 2025 wakatangaza idadi ya mwaka mpya: 7,500 kwa dunia nzima, na nafasi nyingi ni za Waafrikana wa Afrika Kusini.

Mnajua nani alitueleza sisi mambo haya? Hakuna. Tulisoma kwenye WhatsApp, kwa sauti ya mtu aliyekuwa analia akiwa nchi nyingine. Tulikwenda ofisi moja kuuliza, tukaambiwa "muwe na subira, tutawajulisha." Hatuwalaumu sana wale waliokuwa mezani, pengine na wao walikuwa wanasoma WhatsApp ile ile, na wengine wao wamepoteza kazi mwaka huo huo. Lakini tangu hapo mpaka leo kuna familia ambazo kila Jumatatu zinavaa vizuri na kwenda kuangalia karatasi zilizobandikwa ukutani, karatasi zenyewe ni za mwaka juzi.

Kuna jirani yetu aliuza vyote. Baiskeli, mbuzi wawili, cherehani ya mke wake, mpaka masufuria, kwa sababu alikuwa na tarehe. Tarehe ikafa. Cherehani aliyemuuzia amekataa kumrudishia, na ana haki, alinunua. Sasa mke anakodi ile ile cherehani kwa kulipa kila siku, anashonea watu nguo kwenye mashine iliyokuwa yake. Hilo mtalitafuta kwenye programu gani ya kupima umbali?

Sasa maoni yetu. Tuanze na nyinyi wa mashirika, kwa heshima.

Uwanja wowote wa ndege, hata mdogo, una ubao. Ndege ikichelewa, ubao unaandika imechelewa. Ikifutwa, ubao unaandika imefutwa. Msafiri anakasirika, anatukana kidogo, halafu anakwenda kutafuta hoteli au anarudi nyumbani. Anajua la kufanya. Sisi hatuombi ndege, tunajua hamna ndege mfukoni. Tunaomba ubao. Mtuandikie neno lenyewe: imesimamishwa. Mwandike tangu lini. Kama hamjui itafunguka lini, mwandike hivyo hivyo, "hatujui", kwa Kiswahili na Kirundi, siyo Kifaransa cha ukurasa mzima. Mnafikiri mkisema hatujui tutavunjika moyo. Ndugu zetu, moyo hauvunjwi na "hatujui". Unavunjwa na "subirini kidogo" iliyosemwa miezi kumi mfululizo.

Tumewahi kujibiwa kwamba habari za kesi ni siri. Ni kweli, na iwe hivyo. Hatutaki jina la mtu ukutani. Lakini kwamba mlango wa nchi fulani umefungwa siyo siri ya mtu, hata redio wamesema.

Na sisi vijana. Hapa tutasema taratibu maana tunajisema wenyewe.

Mmoja wetu aliacha shule akiwa amebakiza mwaka mmoja apate diploma. Sababu: familia ina kesi, akifika kule ataanza upya kwa Kiingereza, ya nini kujichosha? Hiyo ilikuwa 2021. Angekuwa nayo tangu zamani. Mwingine alipewa nafasi ya kujifunza useremala akakataa, eti akiingia kwenye orodha ya mafunzo ataonekana "ameshapata suluhisho" na kesi itafungwa. Huo uvumi tumeuuliza kwa zaidi ya mtu mmoja anayejua, na hakuna aliyetuonyesha popote ulipoandikwa. Lakini umefunga milango mingi kuliko amri yoyote ya rais. Tuna watu hawapandi hata mchicha nyuma ya nyumba, kwa sababu mchicha unachukua mwezi na wao "wanaondoka muda wowote". Mchicha wa 2022 wangeshaula mara ishirini.

Tunajua mtatujibu nini. Mtasema tumaini ndilo linalotuweka hai, msituondolee. Mama mmoja alitwambia wazi: "Nikifungua sanduku nikatoa nguo, nitakuwa nimekubali kufa hapa." Hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna jibu kamili. Hatusemi mfute kesi. Hatusemi Marekani haitafunguka, au Kanada, au Australia. Milango imewahi kufungwa na kufunguliwa. Tunachosema ni kwamba anayengoja ndege uwanjani anaruhusiwa kula, kulala, kusoma kitabu, hata kufanya urafiki na jirani kwenye kiti. Hakuna aliyemwambia asimame mlangoni na mizigo mkononi miaka kumi na mbili.

Na kuna lile la deni, ambalo wengi hawapendi kulisikia. Tiketi za kwenda Marekani siyo zawadi. OIM wanakulipia kwa mkopo usio na riba, na unaanza kurudisha miezi sita baada ya kufika. Familia ya watu saba, hesabu mwenyewe tiketi saba. Kwa hiyo hata zile kilomita 12,500 utazilipa kwa mikono yako, katika kazi ya kwanza utakayopata. Aliyekwenda na ufundi au na Kiingereza kidogo anazilipa mapema. Yule aliyekaa miaka yote kitandani akingoja ataanza kujifunza akiwa tayari anadaiwa.

Februari 2025, baada ya uwanja wa Kavumu kule Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, tulipokea simu nyingi za kuchanganyikiwa. Watu walisikia "Kavumu imechukuliwa" wakadhani ni kambi ya Kavumu huku Cankuzo. Jina moja, sehemu mbili: moja ni uwanja wa ndege nyumbani, kama kilomita 125 tu kutoka Bujumbura kwa mstari, nyingine ni kambi. Wiki ile ile maelfu ya watu walikuwa wanavuka Rusizi, wengine kwa kuogelea, wakajazana kwenye kiwanja cha mpira cha Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi. Baadhi yao ni vijana wa umri wetu, na swali la kwanza walilotuuliza ni: hapa prosesi ya kwenda nje inachukua muda gani?

Tulinyamaza. Tulitazamana kila mtu akitegemea mwenzake ajibu. Mwishowe mmoja wetu, yule aliyeacha shule, akamuuliza kijana aliyeuliza amefika darasa la ngapi. Akasema la mwisho, alikuwa afanye mtihani wa serikali mwaka huo huo. Tukamwambia atafute kwanza shule, hilo la ndege tutaongea jioni. Tuliongea kweli jioni ile, mpaka usiku, na hatukumficha kitu.

Ubao tumeshaanza kuutengeneza wenyewe. Ni bati la zamani, tumelipaka rangi nyeusi, tutalitundika karibu na bomba la maji kwa sababu pale kila mtu anapita. Tutaandika tu yale yaliyotangazwa hadharani, nchi kwa nchi, na tarehe. Tunahitaji mtu anayeandika Kirundi safi, chaki, na mfanyakazi mmoja wa shirika lolote atakayekubali kupita mara moja kwa mwezi kutusahihisha tukikosea. Mama wa madumu ameomba Uvira nayo iwekwe kwenye orodha. Tumeshaiandika: kilomita 22. Upande wa muda bado hatujaandika kitu.